Nyumba Ni Yangu, Kiwanja Si Changu

Wiki iliyopita kaka yangu aliandika kwenye kundi la familia kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Picha za nyumba alizipenda. Kilichomkera ni mimi kusema kiwanja si changu. "Kwa hiyo umenunua ukuta na paa?" Shangazi wawili wakacheka. Mimi niliumia, na ndiyo maana naandika.

Tunaishi Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1984, Bernie Sanders akiwa meya, jiji lilitoa dola 200,000 kuanzisha shirika lisilo la faida ambalo leo linaitwa Champlain Housing Trust. Bei za nyumba zilikuwa zinapanda na watu wa kipato cha kawaida wanasukumwa nje ya mji wao. Serikali huleta ruzuku. Shirika hushika ardhi, huwatafuta wanunuzi na huendelea kuwa nao baada ya kununua. Theluthi ya bodi ni wakazi wenyewe, na viongozi wa umma nao wana viti vyao.

Sasa hilo la kiwanja. Ardhi haiuzwi tena. Mimi naikodi kutoka kwa shirika hilo kwa ada ndogo ya kila mwezi, lakini nyumba ni yangu na naweza kuwarithisha wanangu. Ruzuku ndiyo iliyoshusha bei hadi nikaimudu. Siku nikiuza, tuseme thamani imepanda kwa dola 40,000, nachukua robo, yaani 10,000, pamoja na nilichokwisha kulipa kwenye mkopo. Kinachobaki hakiendi mfukoni mwa mtu. Kinabaki kwenye nyumba ili anayekuja baada yangu naye aimudu. Mwanzoni nilikataa katakata. Kisha mwalimu wa semina ya wanunuzi akachora nyumba ubaoni, akapiga mstari chini ya msingi, akasema: juu ni kwenu, chini ni kwetu sote.

Kaka anasema haya ni mambo ya wazungu. Amesahau kwao. Voi, Kenya, mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi walikubaliana na manispaa, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la GTZ, kwamba ardhi iwe ya wote na nyumba iwe ya kila mtu. Nia ilikuwa kuwazuia matajiri wasiwanunue maskini wakawamaliza. Kaka mwenyewe kiwanja chake kiliuzwa kwa watu wawili, na mwaka wa sita huu anapanda ngazi za ofisi ya ardhi akiwa na faili kwapani. Hakuna aliyemcheka.

Binti yangu ana miaka tisa na amehama mara nne. Kwenye nyumba ya mwisho ya kupanga tulikatwa fedha za amana kwa sababu nilimpima urefu kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Hapa, siku ya kwanza tu, alikuja na penseli mwenyewe, akasimama wima kwenye mlango wa jikoni, akanisubiri. Sasa kuna alama saba. Mdogo wake amepanda maharagwe kando ya ngazi, na kila asubuhi kabla ya basi la shule huenda kuyaangalia kwa viatu vya ndani. Juzi aliniuliza, "Mama, haya ni yetu au ya shirika?" Nikamwambia ni yetu.

Ndugu zangu, msiniulize tena kama nimetapeliwa. Niulizeni watoto wanaendeleaje.