Kikohozi cha Uwanjani si Uvivu

Dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, katika viwanja vya shule zetu kuna mawingu yanayoonekana kila wiki wala hakuna ayajaliaye. Mwanafunzi akimaliza mbio huku akikohoa mfululizo, aghalabu huangukiwa na mojawapo ya hukumu mbili: kwamba ni mvivu atafutaye kisingizio, au kwamba ni mgonjwa asiyefaa kushiriki michezo. Hukumu zote mbili hutolewa bila uchunguzi, na zote mbili zaweza kumdhuru.

Tuanze na maumbile. Mtu aliyetulia hupumua kwa pua, nayo pua huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Akikimbia kwa kasi, pua haimtoshi tena. Hufungua kinywa na kuvuta hewa nyingi iliyo baridi na kavu. Hewa hiyo huzikausha njia za pumzi. Kwa wengi hilo halina madhara. Kwa wengine, misuli inayozizunguka njia hizo hukaza, njia zikawa nyembamba, na hapo kikohozi hufuata pamoja na kubanwa kifua na sauti ya mluzi katika pumzi. Wenye ugonjwa wa pumu ndio hupatwa zaidi na hali hii, ingawa wapo pia wanaopatwa nayo wakati wa mazoezi tu.

Linalowapotosha walimu wengi ni saa ya kikohozi chenyewe. Mara nyingi huzidi dakika chache baada ya mwanafunzi kusimama, kisha hutulia katika muda wa nusu saa hadi saa moja. Mwalimu aliyemwona akikimbia vyema hudhani anaigiza. Na afikapo zahanati, dalili zimekwisha toweka.

Si kila kikohozi ni pumu, lakini. Vumbi la uwanja mkavu, baridi ya asubuhi ya Julai katika nyanda za juu, mafua yasiyopona vizuri na moshi wa kuni jikoni, vyote huchokoza kifua. Anayekimbia mara tu baada ya kushiba huenda akapandwa na kiungulia, nacho huwasha koo. Tena tusisahau kifua kikuu. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi, hasa kikiandamana na jasho la usiku, kukonda au makohozi yenye damu, chahitaji kupimwa bila kukawia. Matibabu ya ugonjwa huo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali nchini.

Kwa wale wanaodhani kwamba mwenye pumu hana nafasi uwanjani, yafaa tumtazame Paula Radcliffe wa Uingereza. Mwanariadha huyo ameishi na pumu tangu ujana wake. Hata hivyo, mwaka wa 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi mwaka wa 2019, ilipovunjwa mjini Chicago na Mkenya mwenzetu, Brigid Kosgei. Pumu iliyotibiwa ipasavyo haimzuii mtu kukimbia. Pumu iliyopuuzwa yaweza kumuua.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, aulize na kuandika: kikohozi huanza lini, hudumu kwa muda gani, na hurudi mara ngapi? Maelezo hayo humfaa daktari kuliko neno "anakohoa". Pili, awape wanafunzi muda wa kupasha mwili moto polepole kabla ya mbio kali. Tatu, asimnyang'anye mwanafunzi inhela yake wala kuifungia ofisini. Wengi huelekezwa na daktari kuivuta dakika chache kabla ya mazoezi, na baadhi huhitaji pia dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za pumzi. Imani kwamba inhela humfanya mtu kuwa mtumwa wake imewanyima wengi nafuu. Nne, mwanafunzi anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ambaye midomo yake inabadilika rangi, au aliyezimia akikimbia, asiambiwe apumzike kivulini tu. Apewe dawa yake ikiwa anayo, na apelekwe hospitali mara moja.

Nanyi wanafunzi, msifiche kikohozi kwa kuogopa kuachwa nje ya timu, wala msimcheke mwenzenu anayevuta dawa. Pumu haiambukizi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Shule hununua mipira, jezi na vikombe kwa fahari. Kujua ni mtoto yupi anayekohoa, na kwa nini, hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mwalimu mwenye jicho na sikio, aliye tayari kuuliza kabla ya kuhukumu.