Theluji ikikosa, nani anasema mashindano yasimame?

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi wamama ku nyumba, musishangae. Leo mu ukurasa wetu tunazungumzia ski, ule mchezo wa kutelemuka mlima juu ya theluji na mbao mbili ku miguu. Theluji yenyewe, ile Wazungu wanaitaka neige, sisi tunaionaka paka ku televizyo. Lakini mu mchezo ule kuko neno moja linatuhusu sisi watu wa karieri: wakati pa kukanyaga hapako muzuri, nani anasimamisha kazi, na anasimamisha wakati gani?

Tuanze na Zermatt, kijiji cha Uswisi chini ya mlima Matterhorn. Kule walipanga mashindano ya mbio kali, yale ya kutelemuka moja kwa moja. Kuondoka ni Uswisi, juu ya barafu ya milele, kupita mita 3.500, kufika ni ngambo ingine ya mupaka, mu inchi ya Italia. Mbele ya pale hakuna mashindano ya Kombe la Dunia yaliwahi kuvuka mupaka hivyo. Mwaka 2022 walipanga ya wanaume mwisho wa mwezi wa kumi, na ya wanawake mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Juu theluji ilikuwa, lakini chini, upande wa Italia, ilikosa. Yote ikafutwa. Mwaka 2023 wakasogeza tarehe mbele, mu mwezi wa kumi na moja. Sasa theluji ikaanguka mingi kupita, na upepo ukakuja nayo. Yote ikafutwa tena. Mashindano munane mu miaka miwili, na hata moja haikukimbiwa. Mwaka 2024 wakubwa wa mchezo wakaiondoa mu kalendari.

Kuko picha moja tulitazama sana. Mu 2023, mbele ya mashindano, magazeti ya kule yalionyesha mashini za kuchimba juu ya barafu, ndugu moja na zile za karieri yetu, zinavunja barafu na kujaza mipasuko juu njia ipatikane. Wenye kupanga walisema ni kwa usalama wa wakimbiaji. Serikali ya jimbo ilikuja ikakataza kazi pale ilipita mupaka wa ruhusa. Sisi tunajua mashini zile. Wakati patro ameahidi kitu, mashini inatumwa kulazimisha udongo ukubali. Siku zingine unakubali.

Turudi ku sheria yao, juu pale njo kuko kitu cha kujifunza. Shirikisho la dunia la ski, wanaliita FIS, linatuma mtu wake ku mlima siku kumi hivi mbele ya mashindano. Anapima. Theluji iko unene gani, imelala fasi gani, baridi itakuwa ngapi ya kutengeneza theluji na mashini. Kisha anatoa jibu: ndiyo, ao hapana. Hapana ya mapema inauma mwenye hoteli na televizyo, lakini inaacha nafasi ya kutafuta mlima mwingine. Mwezi wa kwanza 2023, Garmisch ya Ujerumani ilikosa theluji muzuri, wanaume wakapelekwa Cortina, Italia, wakakimbia kule.

Ndiyo ikitoka, haiishi pale. Siku yenyewe kuko kamati ndogo ya waamuzi, na ndani yake delege wa ufundi, mara mingi mtu wa inchi ingine, hana hoteli pale wala shemeji mu kijiji. Kura zikilingana, yake njo inakata. Tena mu mbio kali kuko sheria hawawezi kuibembeleza: kama wakimbiaji hawakujaribu njia hata mara moja mbele, mashindano hakuna. Hata televizyo ilipe namna gani.

Wanajaribu dawa pia. Wanaingiza maji ndani ya theluji ikuwe nguvu sawa saruji. Joto likipanda wanatupa chumvi, theluji inakaza, lakini kwa masaa kidogo tu. Wa kwanza anapita muzuri. Wa makumi tatu anakuta mifereji. Ule wa nyuma ni kijana hana jina, anatafuta pointi, hawezi kusema «mimi sishuke». Akisema, mwaka ujao hayuko mu ekipi.

Hapa tuseme ukweli juu yetu. Masika moja, mu kampuni hatutaitaja, ukuta wa karieri ulianza kutoa maji. Mandugu wa posti ya usiku walituambia. Chefu alisema tungoje enjenia, na sisi madelege tukakubali kungoja, juu mwezi ulikuwa mwisho na primi ilikuwa karibu. Si patro peke yake alikuwa na njaa ya tani zile. Ukuta ulianguka saa kumi ya asubui. Mwenzetu moja alibaki na mguu moja. Mtu hakutulazimisha kunyamaza, na njo ile inatuuma mpaka leo.

Kuna watu wanasema: kufuta ni uoga. Basi watazame Vasaloppet ya Uswidi, kilomita 90, inakimbiwa tangu 1922. Walifuta 1932, 1934 na 1990, theluji ilikosa. Leo watu zaidi ya 15.000 wanajiandikisha. Haikukufa. Na kule Marekani, Birkebeiner ya Wisconsin ilifutwa 2017. Mu 2024 theluji ilikosa tena, lakini safari ile walitengeneza theluji na mashini, wakazungusha watu mu njia ya kilomita 10 tu. Ni kusema, kati ya ndiyo na hapana kuko pia kufupisha: fanya pale pa kukanyaga pako nguvu, acha pengine.

Ile ya kufupisha tunaitaka mu karieri. Ukuta wa upande moja ukitoa maji, posti ifanye upande mwingine, na primi isikatwe.

Mkutano wetu na wakubwa wa kampuni ni mbele ya mvula kubwa. Tutaweka maneno matatu ku meza, yaandikwe mu mapatano: maji yakifika mita ngapi mu shimo kazi inasimama, nani anapima, na yule anapima asilipwe kwa tani. Mandugu wa posti ya usiku, nyinyi njo munaona maji wa kwanza. Mutuletee hesabu yenu ku ofisi ya sindika, mukiandika tarehe na saa.