Bado unaumwa baada ya Lyme: je, antibayotiki zaidi zitasaidia?
Uliumwa na kupe, ukatumia dozi yote ya antibayotiki, lakini miezi inapita na uchovu hauishi, viungo vinauma. Si ajabu ukidhani dawa zilikuwa kidogo.

Wazo hilo lilipimwa Uholanzi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 280 walidungwa kwanza seftriaksoni kwenye mshipa kwa wiki 2. Kisha wakagawanywa kwa kura: kwa wiki 12 wengine walimeza doksisaiklini, wengine klarithromaisini pamoja na haidroksiklorokwini, na wengine vidonge visivyo na dawa. Hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini, maana matumaini peke yake humfanya mtu ajisikie nafuu.

Makundi yote matatu yalipata nafuu kiasi, na ilikuwa sawasawa. Je, ni zile wiki 2 za mwanzo zilizosaidia? Utafiti huo hauwezi kujibu, kwani kila mtu alizipata. Lakini Marekani, mwaka 2001, waliotibiwa siku 90 nao hawakuwazidi waliopewa dawa bandia.

Maumivu yako ni ya kweli. Ila dripu ya miezi ina hatari zake: vijidudu huweza kuingia kwenye damu kupitia mpira wa mshipani, na kuhara kunaweza kuwa kukali. Kabla hujalipia, rudi kwa daktari apime damu, tezi ya shingo na usingizi wako. Mara nyingine kuna ugonjwa mwingine uliojificha, na huo una dawa yake.