Heshima ya Mkubwa, Izara ya Mnyonge

Mto Kagera, upitapo baina ya Murongo wilayani Kyerwa, Tanzania, na Kikagati ya Uganda, hutenga dola mbili, lakini jina haulitengi: iko Isingiro upande huu, iliyo kata ya Kyerwa, na iko Isingiro upande wa pili, iliyo wilaya kamili, na wenyeji wa pande zote, ambao lugha zao husikilizana na ambao tangu dahari wameoana na kuuziana ng'ombe na kahawa, leo hupelekeana maneno na picha kwa simu pasipo kungoja muhuri wa forodha. Salamu huvuka, na izara ya mtu aliyeanikwa bila ridhaa yake nayo huvuka.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba izara ya namna hii ililetwa na simu. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa safarini kutafuta chimbuko la Nile, alifika ufalme wa Karagwe akakirimiwa na mfalme wake, Omukama Rumanyika, ambaye katika jamaa zake walikuwamo wanawake walionenepeshwa kwa maziwa, kama ilivyokuwa ada ya wakuu wa huko. Naye mgeni, baada ya kumshawishi shemeji mmoja wa mfalme kwa kumwahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mwenyewe, alimpima bibi huyo mkono, kifua, paja na kigimbi, kisha akavitia vipimo hivyo katika kitabu kilichochapishwa Uingereza mwaka 1863, na hata sasa wako wanaovinukuu kwa kicheko. Bibi yule aliridhia kupimwa. Kwamba aliridhia kutangazwa, hakuna awezaye kudai. Nami vipimo hivyo sitavirudia.

Kadhia za leo aghalabu zina sura iyo hiyo. Binti humpelekea picha mtu amwaminiye, mapenzi yakavunjika, na picha ikaangukia katika magrupu ya WhatsApp, ambamo wajomba na mashangazi zake wamo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, imekataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini kifungu hicho, ukikisoma kwa makini, kinamtazama apelekewaye ujumbe. Na binti wetu hakupelekewa kitu, bali yeye ndiye aliyepelekwa kwa wengine.

Waliosikika zaidi mahakamani, kinyume chake, ni waliowagusa wakubwa. Juni 2016 kijana mmoja alihukumiwa Arusha kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3, kwa kuwa alimwita Rais Magufuli bwege kwenye Facebook. Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda mbali zaidi: Agosti 2019 mwanaharakati Dkt. Stella Nyanzi alitiwa hatiani kwa kosa la kumsumbua Rais Museveni kwa mtandao, kwa sababu ya shairi, akapewa kifungo cha miezi 18, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua hukumu hiyo Februari 2020. Shairi lenyewe lilikuwa chafu, sikatai. Ila sioni insafu ya kumhesabu mwenye jeshi na redio ya taifa kuwa mtu asumbuliwaye. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoharimisha mawasiliano ya kuudhi bila ya kubainisha mpaka wake.

Hoja ya wanaotaka ndimi zifungwe ni kwamba uhuru wa maoni, uliomo katika Ibara ya 18 ya Katiba yetu, umewekewa mpaka na Ibara ya 30 kwa ajili ya haki za wengine. Ni kweli, lakini hao wengine ni akina nani? Mtawala akitukanwa anaweza kujibu, na aghalabu jibu lake husikika kuliko tusi; mwanamke wa Nkwenda, hapa Kyerwa, ambaye picha yake imeenea hana la kujibu, maana kilichotangazwa si maoni. Mpaka wa maneno juu ya wenye madaraka na uwe mbali, na mpaka wa faragha ya raia uwe karibu na mkali; na Bunge liandike waziwazi kwamba kusambaza picha ya siri ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, ijapokuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga, na kwamba polisi wapatapo malalamiko waanze kwa kuitaka iondolewe, kabla ya kumwuliza binti kwa nini aliituma.