Kitoweo Kabla ya Tonge: Ulaji na Maisha ya Kila Siku Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Utangulizi

Upasuaji wa kupunguza uzito huelezwa zaidi kwa namba za chumba cha upasuaji na za mizani: kiasi cha tumbo kilichoondolewa, kilo zilizopungua, siku za kulazwa. Maelezo hayo ni ya lazima, lakini hayamfikishi mgonjwa mbali pale anaporudi nyumbani na kuketi mbele ya sinia pamoja na jamaa zake. Makala haya yanafafanua namna ulaji na maisha ya kila siku yanavyobadilika baada ya upasuaji huo, kwa kuzingatia mlaji wa Afrika Mashariki, hususani wa mwambao. Hoja inayojengwa ni kwamba agizo moja la kitabibu linaloonekana jepesi, yaani kula vyakula vya protini kwanza, ni miongoni mwa maagizo magumu zaidi kutekelezwa katika mazingira hayo, kwa kuwa linakwenda kinyume na adabu ya kula ambayo watu wengi wamefunzwa tangu utotoni.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Puto linalowekwa tumboni kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, huduma ambayo imewahi kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, si upasuaji. Puto huondolewa baada ya miezi kadhaa na tumbo hubaki na umbo lake. Upasuaji unaozungumziwa hapa hubadilisha tumbo au njia ya chakula, na mabadiliko yake hukusudiwa yawe ya kudumu.

Kinachobadilika tumboni

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani kwa sasa. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya tumbo, kisha kubakiza sehemu nyembamba yenye umbo la mrija. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya ghrelini, ambayo huamsha njaa. Kwa hiyo mgonjwa hapungukiwi nafasi ya chakula tu, bali pia msukumo wa kukitafuta. Aina ya pili, yaani kuchepusha njia ya chakula, ilianzishwa na Edward Mason na Chikao Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, na imeboreshwa sana tangu wakati huo. Daktari hutengeneza kifuko kidogo chenye ujazo wa takriban mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo ambamo madini ya chuma na kalisi hufyonzwa kwa wingi, jambo ambalo athari zake zitarejewa baadaye.

Kuhusu matokeo ya muda mrefu, utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kuongozwa na Lars Sjöström ndio unaorejewa mara nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wa kuchepusha njia ya chakula walipoteza takriban asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka kumi upungufu uliobaki ulikuwa takriban asilimia 25. Vifo navyo vilikuwa vichache kuliko katika kundi la wasiofanyiwa upasuaji. Namba hizo mbili za uzito zinastahili kusomwa pamoja. Sehemu ya uzito hurudi, na hurudi katika kipindi ambacho mgonjwa ameshatoka mikononi mwa hospitali na yumo katika maisha yake ya kawaida.

Majuma ya mwanzo hayana utata mwingi. Mgonjwa huanza na maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, akaendelea na maziwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, halafu vilivyo laini, hadi kufikia chakula cha kawaida kati ya juma la sita na la nane. Jikoni mwa Kiswahili hatua hizi hazina ugeni: uji, mtindi, supu ya samaki na maharage yaliyopondwa ni vyakula ambavyo kila nyumba hujua kumtayarishia mgonjwa au mzazi. Familia humhudumia kwa furaha kwa sababu anakula kama mgonjwa. Ugumu huanza pale anapotakiwa kula kama mtu mzima asiye na ugonjwa, huku akila tofauti na wote.

Kitoweo, tonge na adabu ya sinia

Kiwango cha protini kinachopendekezwa kwa kawaida baada ya upasuaji ni kati ya gramu 60 na 80 kwa siku. Mtu ambaye mlo wake mmoja haujazi hata kikombe hawezi kufikia kiwango hicho kwa bahati. Mayai mawili humpa takriban gramu 12, gramu 100 za samaki aliyepikwa humpa karibu 22, nusu kikombe cha maharage takriban 7, na vikombe viwili vya maziwa karibu 16. Jumla ni 57, na siku imekwisha. Hakuna nafasi iliyobaki kwa ugali wala wali. Ndiyo maana maagizo ya hospitali husisitiza kwamba protini iliwe kwanza, mboga za majani zifuate, na wanga uliwe mwisho ikiwa nafasi ipo.

Katika Kiswahili, hata hivyo, mpangilio wa mlo umeshapangwa ndani ya maneno yenyewe. Mtu akisema hajala chakula, mara nyingi ana maana hajala wali, ugali, ndizi au muhogo. Samaki, nyama na maharage ni kitoweo, au kwa wengi wa bara ni mboga, yaani kitu cha kusindikizia chakula. Tonge hukatwa, hubonyezwa, huchovywa kwenye mchuzi, na kitoweo humegwa kidogo kidogo ili kifike mwisho wa mlo. Mtoto anayekimbilia nyama kabla ya ugali hukemewa kwamba ana uroho. Kwenye sinia la pamoja, ambapo kila mmoja hula upande wake na nyama huwekwa katikati, anayeanza na nyama huonekana anawapunja wenzake.

Agizo la kula protini kwanza, kwa hiyo, linamtaka mgonjwa atende hadharani kitendo ambacho malezi yake yamekiita uroho, tena akiwa mtu ambaye mwili wake umeshahukumiwa hivyo kwa miaka mingi. Ni rahisi kwa mshauri wa lishe kuandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo. Lililo sahihi zaidi ni kwamba anafuata maagizo mawili yanayogongana, na lile la zamani lina nguvu zaidi. Matokeo yake huonekana kliniki: mgonjwa anakula tonge tatu za ugali na mchuzi, anashiba, anaondoka mezani kwa heshima, na baada ya miezi mitatu hadi sita nywele zinamtoka kwa wingi. Kudondoka kwa nywele katika kipindi hicho hutokea pia kwa wanaokula vizuri, kwani ni itikio la mwili kwa kupungua uzito haraka, na kwa kawaida huota tena. Upungufu wa protini, chuma na zinki huweza kukuzidisha.

Kuna pia tatizo la tonge lenyewe. Vyakula vya wanga vinavyoshikamana, mathalani mkate laini, chapati, wali mkavu na ugali mgumu, huweza kuganda kwenye njia nyembamba iliyobaki, vilevile nyama kavu isiyotafunwa vya kutosha. Mgonjwa huhisi kitu kimekwama kifuani, mate hujaa mdomoni, na hatimaye hutapika. Inashauriwa kila tonge litafunwe hadi liwe laini kabisa na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Tonge la ugali halikuzoewa kutafunwa hivyo, kwani huteremka na mchuzi. Maelekezo yanayotaja vijiko na vikombe peke yake hayamsaidii sana anayekula kwa mkono. Kumwambia akate tonge lenye ukubwa wa punje ya karanga humpa kipimo ambacho vidole vyake vinakijua.

Maji nayo hutengwa na chakula. Mgonjwa huhitaji angalau lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogo, lakini si wakati wa kula wala katika nusu saa inayofuata. Soda huachwa kwa sababu ya gesi na sukari. Chai ni suala zito zaidi, kwa maana ndicho kinywaji cha kumkaribishia mgeni na mara nyingi huletwa ikiwa tayari ina sukari. Kwa aliyechepushiwa njia ya chakula, sukari inayoteremka ghafla katika utumbo mwembamba huvuta maji kutoka kwenye damu: ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo humwenda mbio, jasho humtoka, tumbo humsokota, na huenda akaharisha. Aina nyingine ya hali hiyo huja saa moja hadi tatu baadaye, pale mwili unapotoa insulini kupita kiasi na sukari ya damu kushuka. Mgonjwa hutetemeka, huona kizunguzungu, na huweza hata kuzirai. Jamaa wanaoshuhudia hayo bila maelezo huweza kudhani kwamba amerogwa, au kwamba upasuaji umeharibika.

Njaa, hamu na shibe

Kiswahili kina msamiati ambao ungeweza kuwafaa sana watoa huduma, lakini hautumiki ipasavyo. Lugha hii hutofautisha njaa na hamu, na hutofautisha pia kushiba, kukinai na kuvimbiwa. Upasuaji hupunguza njaa, hasa katika miezi ya mwanzo; hauondoi hamu. Mtu huweza kuwa hana njaa kabisa huku akitamani kaimati kwa sababu ni saa za jioni ambazo amezila maisha yake yote. Kaimati huyeyuka mdomoni, hupita kwa urahisi pale samaki anapokwama, na ndiyo sababu vyakula vitamu na laini ndivyo hurudisha uzito taratibu bila mtu kuhisi amekula.

Shibe nayo hubadilisha lugha yake. Badala ya uzito tumboni, wagonjwa wengi huitambua kwa kwikwi, kupiga chafya, kutokwa na makamasi au kubanwa kifuani. Anayesubiri shibe ya zamani huwa ameshapitiliza na kuvimbiwa. Mwenyeji naye haisomi ishara hiyo. Mgeni akisema ameshiba baada ya vijiko vitano, jibu la kawaida ni kuongezewa, na kukataa mara ya pili huonekana kumdharau mpishi. Baadhi ya familia hulitatua jambo hili kwa kumpakulia mgonjwa kibakuli chake na kukiweka juu ya sinia lilelile, hivyo hali peke yake na wala hahesabiwi tonge. Ni utaratibu mdogo usiotajwa katika miongozo ya lishe, na unastahili kutajwa.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa Mwislamu, Ramadhani huleta swali ambalo haliwezi kujibiwa na daktari peke yake wala na shekhe peke yake. Sheria ya dini humruhusu mgonjwa kutofunga. Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji madaktari wengi humshauri asifunge, kwa kuwa maji yanayohitajika hayawezi kunywewa kwa mafunda madogo kati ya magharibi na alfajiri bila kugongana na muda wa kula. Baadaye, hali ikiwa imetulia, wengi hufunga kwa makubaliano na daktari. Tatizo halimo katika funga zaidi ya lilivyo katika futari: tende, uji wa sukari, tambi, viazi vya nazi na vibibi huja pamoja, kwa haraka, kwa tumbo ambalo lilikuwa tupu mchana kutwa.

Mwili unaoonekana

Kupungua uzito hakusomwi kwa namna moja kila mahali. Nchini Uganda katika miaka ya 1980, UKIMWI ulijulikana kwa jina la kukonda, na katika eneo zima kukonda haraka bado huamsha minong'ono. Mtu aliyepungua kilo 40 katika mwaka mmoja huulizwa kama anaumwa, na asiyetaka kutangaza upasuaji wake hukosa jibu. Wapo wanaoongeza ulaji ili wanawiri tena usoni. Kwa mwanamke huongezeka suala la uzazi. Rutuba huweza kurejea mapema kadiri uzito unavyopungua, ilhali inashauriwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki vya kutosha baada ya kuchepushwa kwa njia ya chakula. Ni mazungumzo yanayopaswa kufanyika kabla ya upasuaji, na mume akiwepo pale mwanamke anaporidhia.

Dawa na vipimo

Dawa za kisukari na za presha huhitaji kupunguzwa mapema, wakati mwingine ndani ya siku chache, la sivyo zile zile zilizomlinda mgonjwa humwangusha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupatikana kirahisi katika maduka ya dawa, huweza kusababisha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Mgonjwa anapaswa kumweleza muuzaji kwamba tumbo lake limefanyiwa upasuaji. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani na hubaki kwa muda mrefu zaidi.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote. Chuma na kalisi hutenganishwa kwa saa mbili, na chuma hakimezwi na chai, kwa kuwa chai huzuia kufyonzwa kwake. Anayetapika kwa siku mfululizo huhitaji kupewa thiamini kwa haraka, kabla ya maji ya sukari ya mshipani, kwani upungufu wake huweza kuudhuru ubongo kabisa. Vitamini B12 ina hadaa ya aina nyingine. Ini huwa na akiba yake inayoweza kutosha kwa miaka, kwa hiyo mgonjwa aliyeacha vidonge hujisikia mzima, huacha kliniki, na husahau. Ganzi ya miguu inapoanza katika mwaka wa tatu au wa nne, hudhaniwa ni sukari au uzee, na mhudumu wa zahanati anayemwona kwa mara ya kwanza hana sababu ya kumuuliza kuhusu upasuaji ambao kovu lake ni alama nne au tano ndogo chini ya nguo.