Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Kujenga Akwaria Nyumbani Matai

Wanachuo wengi wakisikia neno akwaria wanawaza hoteli kubwa za Dar au sebule za kwenye filamu: kioo kirefu, taa ya bluu, samaki wa rangi wakipita kwenye matumbawe. Wanadhani ni kitu cha mwenye pesa anayeishi karibu na bahari. Mimi natoka Matai, Wilaya ya Kalambo, juu kabisa Ufipa, na likizo iliyopita nimejenga akwaria nyumbani kwetu. Makala hii inaeleza hesabu zake, kwa sababu akwaria ni hesabu kwanza. Urembo unakuja mwishoni.

Bahari au ziwa?

Niseme wazi kwamba nilianza na ndoto ya maji chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Tangi la lita 75 linataka zaidi ya kilo mbili na nusu za chumvi, na si ile ya mezani. Ni mchanganyiko maalumu wenye kalisiamu, magnesiamu na madini mengine. Kila unapobadilisha maji unahitaji tena. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki na kuwa kali zaidi, kwa hiyo lazima upime kila mara. Matumbawe nayo yanataka taa kali na maji yanayotembea saa zote. Kutoka Matai hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja. Hapo bajeti ya mwanachuo inayotegemea bumu inakata roho yenyewe.

Lakini barabara ya lami ya Sumbawanga–Kasanga inapita Matai, na ukiifuata mpaka mwisho unateremka hadi Ziwa Tanganyika. Kwetu tunalijua ziwa hili kwa sahani: dagaa, migebuka na, siku ya sikukuu, kuhe. Ila ndani yake kuna zaidi ya aina 200 za sikilidi, yaani ukoo wa perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Wafugaji wa akwaria wa Ulaya na Marekani wanazijua vizuri kuliko sisi. Kuna samaki mdogo wa mawe, Tropheus, mwenye rangi tofauti kila sehemu ya ufukwe, na wafugaji hao humwita kwa jina la mahali alikotoka. Mmojawapo anaitwa "Kasanga". Kuna mtu Ujerumani anatamka jina la bandari yetu kila asubuhi akiwalisha samaki wake. Sisi tunaoishi njiani kwenda Kasanga hatujawahi kumwona samaki huyo akiwa hai.

Hapo nikaacha bahari. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, ila si maji baridi ya kawaida pia. Yana madini mengi na alkali ya kutosha: pH yake juu juu ni kati ya 8.5 na 9, na joto ni nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima. Kwa hiyo kanuni za akwaria ya bahari zinabaki zilezile: unatengeneza maji kwanza, ndipo unafikiria samaki.

Hesabu ya kioo

Watu huogopa kioo kitapasuka, na wana haki ya kuogopa. Tupige hesabu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 70, upana 35 na kimo 40, na maji nayajaza mpaka sentimita 37. Wastani wa kina ni nusu yake, sentimita 18.5, maana yake kila sentimita ya mraba ya kioo cha mbele inasukumwa kwa wastani wa gramu 18.5. Zidisha kwa eneo la kioo linaloguswa na maji (68.4 mara 37) unapata karibu kilo 47. Ni kama mfuko wa saruji umeegemezwa kwenye kioo mchana na usiku bila kupumzika. Angalia pia kwamba upana wa tangi haumo kwenye hesabu hii. Kinachotisha kioo ni kina, ndiyo maana tangi refu kwenda juu linataka kioo kinene kuliko tangi fupi lenye maji yaleyale.

Nilichagua kioo cha milimita 8. Fundi wa vioo wa Sumbawanga alikata vipande vitano: kitako 70 kwa 35, mbele na nyuma 70 kwa 40, na ubavu viwili 33.2 kwa 40. Ubavu ni mfupi kwa sababu unakaa katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, na lazima uache nafasi ya silikoni. Mwambie fundi asage kingo zote. Kioo kisichosagwa kitakukata, na ufa huanzia pale penye kijino.

Silikoni ndiyo gundi ya kila kitu. Chukua ile ya kioo inayonuka kama siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na inaua samaki. Futa kingo kwa spiriti, paka, simamisha vioo, shika kwa gundi ya karatasi, kisha acha wiki nzima. Baada ya hapo jaza maji tangi likiwa nje uwanjani na uliache siku mbili, ili likivuja livujie kwenye udongo na siyo kwenye zulia la mama.

Uzito wa jumla ni maji kilo 75, kioo kilo 21, mchanga na mawe kama 25. Unapata kilo 120, zaidi ya gunia la mahindi. Meza ya televisheni haibebi hiyo. Nilitengeneza stendi ya mbao za mbili kwa nne, nikaisawazisha kwa pimamaji, na chini ya tangi nikaweka godoro jembamba la foma ili kioo kisilalie msumari au kijiti.

Hesabu ya umeme, na kikao na mama

Mpango wa kwanza kwenye daftari ulikuwa tangi la lita 150. Mama aliuangalia, akauliza swali moja tu: "Na LUKU ataweka nani, mwanangu?"

Swali lile lilibadilisha mchoro wote. Ufipa ni baridi. Usiku wa Juni na Julai mnajua wenyewe, blanketi mbili hazitoshi. Samaki wa ziwani hawezi kuishi hapo bila hita. Kuongeza joto la lita 150 kwa nyuzi 1 ni karibu uniti 0.17. Hiyo ni ya kupasha tu. Kazi kubwa ni kulitunza joto lisitoroke. Hita ya wati 200 ikiwaka theluthi moja ya siku inakula uniti 1.6, sawa na 48 kwa mwezi. Nyumbani tunatumia kama uniti 40, na wateja wa matumizi madogo wanapata bei nafuu wasipozidi uniti 75 kwa mwezi. Arobaini na 48 ni 88. Hobi yangu ingeipandisha nyumba nzima daraja la bei, na anayelipa si mimi.

Nikarudi kwenye daftari. Tangi la lita 75 na hita ya wati 100 kwa muda uleule ni uniti 24. Jumla 64. Mama akasema, "Hapo sawa." Kisha nikapunguza upotevu wa joto: nyuma, ubavuni na chini nikaweka vipande vya yale maboksi meupe mepesi wanayosafirishia samaki wa barafu, na juu kifuniko cha kioo. Umeme ukikatika usiku, unafunika tangi lote kwa blanketi. Maji mengi hupoa polepole, na tangi lililofunikwa vizuri linakupa saa kadhaa za amani.

Ndugu msomaji, kama una mpango wowote wa nyumbani, uwe wa kuku, bustani au akwaria, anza na yule anayelipa bili.

Kupika maji

Maji yetu hayafanani na ya ziwa. Kwanza yaache siku moja au mbili kwenye ndoo wazi kama ni ya bomba, ili klorini itoke. Halafu ongeza madini. Kipimo changu ni gramu 0.4 za bikaboneti ya kuokea kwa lita, na gramu 0.4 za chumvi ya Epsom kwa lita. Kwa lita 75 ni gramu 30 za kila moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha bikaboneti ni kama gramu 5. Bikaboneti inashikilia pH isiyumbe, Epsom inaleta magnesiamu, ambayo ziwani ni nyingi kuliko kalisiamu. Usitumie bekingi pauda, ina vitu vingine ndani. Na magadi ya sokoni usiyaguse: yanapandisha pH kwa ghafla na kila bonge lina nguvu yake.

Kwa mawe, dondoshea siki. Likitoa povu lina chokaa, na kwa akwaria ya Tanganyika hilo ni jiwe zuri. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Kulisha maji

Sasa tunafika mahali ambapo watu wengi huua samaki. Samaki akila, anatoa amonia, na amonia ni sumu. Katika maji kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina unafuu na unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanakaa kwenye sponji ya chujio, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka.

Kwenye maji ya Tanganyika jambo hili ni kali zaidi. Amonia iko katika sura mbili, moja ya upole na moja ya kuua, na pH ndiyo inayoamua. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya kuua haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Yaani kiasi kilekile cha uchafu ambacho perege wa bwawani angekivumilia, kinaweza kumuua samaki wa Tanganyika.

Kwa hiyo tangi langu lina maji, mchanga, mawe, makombe ya konokono, hita, pampu na chujio. Samaki hakuna. Mdogo wangu wa kidato cha pili anatia kipande kidogo cha chakula cha samaki kila jioni, kioze na kuwalisha bakteria. Anaandika joto kwenye kaunta buku, anapima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone nilivyoagiza Dar, ananitumia picha. Majirani wanakuja kuona samaki wanakuta mawe. Wameshampa jina: "yule anayelisha maji." Wiki ya tatu amonia ilipanda ikaanza kushuka, nitriti ikapanda. Sasa ni wiki ya tano, nitriti inashuka. Vyote viwili vikisoma sifuri siku saba mfululizo, tangi liko tayari.

Nani atahamia?

Nimechagua samaki wa makombe, Lamprologus ocellatus. Dume hafiki urefu wa kidole, na nyumba yao ni kombe tupu la konokono wa ziwani aitwaye Neothauma. Wanalizika kombe mchangani mpaka ubaki mdomo tu, na jike hutaga ndani yake. Dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha lita 75, kila mmoja na makombe mawili. Ukijaza zaidi, amonia itakukumbusha.

Usiende ufukweni na chandarua ukajichotee. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi wenye watoto wa kulisha walitoka majini; mwenye hobi hana sababu ya kujiona yuko juu yao. Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, uliza njia ya halali, nunua kwa mwenye leseni. Na makombe usibebe gunia zima, ni nyumba za samaki walioko huko.

Kwa walio kwenye bailojia, kemia au uhandisi: kila kilichomo humu mmeshakisoma darasani. Shinikizo la maji, bafa, mzunguko wa naitrojeni, upotevu wa joto. Tofauti ni kwamba hapa jibu likiwa baya, kuna kiumbe kinakufa mbele yako. Chukueni ndoo ya lita 20, sponji na pampu ndogo, mpime amonia kwa wiki sita. Gharama ni ndogo, na mkimaliza mtajua kama mna subira ya kufuga samaki.