Uharibifu Usiovunja Bawa

Bawa la kompoziti, lile la nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kushikwa na resini, likiharibika, watu huuliza kama litavunjika. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: limelegea kiasi gani, na limelegea kwa kupinda au kwa kujinyonga? Angani bawa hufanya yote mawili kwa pamoja. Ukakamavu wa kujinyonga ukipungua, mapigo ya miondoko hiyo hukaribiana, na ndege ikifikia mwendo fulani kila mmoja humchochea mwenzake kwa nguvu inayochotwa kwenye hewa ipitayo. Huo ndio mpapatiko. Waweza kulichana bawa kwa sekunde chache, hata kama hapo awali hakuna uzi uliokuwa umekatika.

Mhandisi makini atapinga, na hoja yake ni nzito. Kanuni za Marekani na Ulaya zinataka ndege kubwa ya abiria isipapatike hata ikivuka kwa asilimia 15 mwendo wa juu kabisa iliosanifiwa. Mwendo wa mpapatiko hufuata, kwa makadirio, kipeuo cha pili cha ukakamavu wa kujinyonga. Basi kuimaliza akiba hiyo kunadai kupoteza karibu robo ya ukakamavu. Spana ikiangukia bawa na kuachanisha tabaka mahali penye upana wa kiganja, robo haikaribiwi. Tena tabaka zilizoachana huendelea kupokea mkazo unaopita ndani ya ngozi ya bawa, ilimradi hazijabinuka kwa kubanwa. Kwa bawa kubwa lenyewe, nakubali.

Ila hoja hiyo inachukulia kwamba jeraha ni dogo kuliko kiungo, na kwamba halikui. Tarehe 6 Machi 2005, Airbus A310 ya Air Transat ikitoka Varadero, Kuba, kwenda Québec, ilipoteza karibu usukani wote wa mkia, ikarudi na kutua salama. Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba usukani uliondoka na kasoro tayari, ama ngozi kubanduka ama kiini kupasuka, ikazidi angani. Na ukaguzi uliopendekezwa na mtengenezaji haukutosha kugundua kasoro zote za namna hiyo. Kila ubavu wa usukani kama huo ni ngozi mbili nyembamba zilizogandishwa kwa gundi kwenye kiini cha sega jepesi, na sehemu kubwa ya ukakamavu wake inategemea gundi hiyo. Gundi ikiachia, robo ya ukakamavu si mbali tena. Kwa viungo hivi, kipimo cha jeraha linaloruhusiwa kuruka kingepaswa kukokotolewa kwa ukakamavu uliopotea, kabla hata ya kuuliza nguvu iliyobaki.